Mbwa wa Nyumbani na Mikikimikiki ya Desemba

Ifikapo Novemba, maswali ya wanaofuga mbwa huwa yale yale. Je, apewe mifupa ya kuku wa Krismasi? Atabaki na nani familia ikienda kijijini? Afanywe nini fataki zikianza kulia usiku wa kuamkia Mwaka Mpya? Wengine huulizia dawa ya kumlaza usingizi mpaka kelele ziishe.

Majibu hutofautiana nyumba na nyumba, lakini shina lake ni moja: mbwa hajui kuwa ni sikukuu. Anachokiona ni chakula kilichobadilika, geti linaloachwa wazi, uwanja uliojaa watu asiowafahamu, na mtu aliyemzoea akiondoka na begi. Kazi kubwa ya mwenye mbwa mwezi huu ni kuilinda siku ya kawaida ya mnyama huyo. Kama amezoea kula saa 12 jioni, ale saa 12 jioni hata tarehe 25. Kama huzungushwa mtaani alfajiri, azungushwe.

Wapo watakaosema mbwa wa ulinzi hahitaji kudekezwa hivyo. Lakini mbwa aliyelishwa sumu, au aliyeruka ukuta kwa woga na kupotelea mtaa wa pili, halindi kitu. Desemba ndipo nyumba nyingi hubaki tupu, na ndipo mlinzi huyo huhitajika zaidi.

Hatari zinazotoka jikoni

Matatizo mengi ya Krismasi huanzia kwenye sahani, na mara nyingi anayeyaleta ni mgeni mwenye huruma aliyeketi karibu na mbwa.

- Mifupa iliyopikwa. Mfupa wa kuku, au wa mbavu za mbuzi wa kuchoma, ukishapita motoni hukauka na kupasuka vipande vyenye ncha. Vipande hivyo hukwama kooni au hutoboa utumbo.
- Vijiti vya mishikaki na magunzi ya mahindi. Kijiti kilicholowa mafuta hunukia kama nyama, na mbwa hukimeza kizima. Gunzi nalo haliyeyuki tumboni. Huziba utumbo, na mara nyingi haliondoki bila upasuaji.
- Pilau, mchuzi na kachumbari. Kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, viwe vibichi au vimepikwa. Kwa mbwa wa kilo 10, gramu 150 za kitunguu zinatosha kumdhuru, nacho ni kitunguu kimoja cha ukubwa wa kati. Dalili huchelewa siku kadhaa: anachoka, ufizi unapauka, mkojo unakuwa mweusi.
- Keki yenye zabibu kavu, zabibu mbichi, na ukwaju. Zabibu zimejulikana kwa miaka mingi kuwa huua figo za mbwa. Mwaka 2022 madaktari wa wanyama wa Marekani walichapisha taarifa za mbwa walioharibika figo baada ya kula ukwaju, wakaihusisha sumu hiyo na asidi ya tartariki, ambayo imo kwenye zabibu na kwenye ukwaju pia. Kwa hiyo jagi la juisi ya ukwaju na makapi yake yakae mbali na mbwa.
- Chokoleti. Nyeusi ni mbaya kuliko ya maziwa. Gramu 100 za chokoleti nyeusi zinaweza kuyumbisha mapigo ya moyo ya mbwa wa kilo 10.
- Makadamia. Nyumba nyingi za Murang'a, Embu na Kirinyaga zinazo. Mbwa aliyezila hulegea miguu ya nyuma na kutetemeka ndani ya saa 12.
- Unga wa maandazi ulioumuliwa. Huendelea kuumuka tumboni, na hamira hutoa pombe humo humo. Beseni lifunikwe na liwekwe juu.
- Pombe na machicha yake. Kumnywesha mbwa bia au mbege ili watu wacheke ni ukatili, na inaweza kumuua.
- Peremende na chingamu zisizo na sukari. Nyingi zina kitamu ambacho kwenye pakiti huandikwa "xylitol". Huangusha sukari ya damu ya mbwa ndani ya nusu saa.

Yupo atakayeuliza mbona mbwa wa bibi kijijini wamekula mifupa miaka yote. Waliokufa kwa kukwamwa hawakupelekwa kwa daktari, na chanzo cha kifo hakikujulikana. Mbwa wa kijijini pia hupata zaidi mifupa mibichi ya machinjoni, ambayo haipasuki kama iliyochomwa.

Anayetaka mbwa wake naye aonje sikukuu achemshe kipande cha nyama isiyo na mafuta, bila chumvi wala kitunguu, akikate vipande vidogo na kukichanganya na chakula chake cha kila siku. Ziada hiyo isizidi sehemu moja kati ya kumi ya mlo wa siku. Mafuta ya nyama choma yasitupwe kwenye bakuli la mbwa hata kwa kuonea huruma, kwani mlo mmoja mzito wa mafuta unaweza kuvimbisha kongosho, na maumivu yake ni makali sana.

Pipa la taka lifungwe kabla watu hawajaanza kula. Baadaye kila mtu huwa amechoka, na mbwa anajua.

Akishakula kisichofaa

Hapa ndipo wengi huharibu zaidi, kwa sababu kila jirani ana dawa yake. Hatua ni hizi:

1. Mwondoe kwenye chakula hicho na uchukue pakiti, mbegu au matapishi kwenye mfuko. Daktari atahitaji kuyaona.
2. Kadiria alikula kiasi gani, na saa ngapi.
3. Mpigie daktari wa mifugo papo hapo. Usisubiri dalili: kwa zabibu na kwa sumu ya panya, dalili zikionekana muda mzuri wa kutibu umeshapita.
4. Nenda kliniki ukiambiwa uende, hata kama mbwa anaonekana mzima.

Na haya yasifanyike:

- Asinyweshwe maji ya chumvi ili atapike. Chumvi nyingi nayo ni sumu kwake.
- Asimiminiwe mafuta ya kula au maziwa mdomoni kwa nguvu, hasa akiwa anatetemeka au amelegea. Yakiingia mapafuni huleta nimonia.
- Asipewe panadoli, ibuprofeni wala diklofenaki. Vidonge hivyo vya binadamu vinaweza kumharibia ini, figo au tumbo, na mbwa wengi wamepewa na watu waliotaka kuwasaidia.

Namba ya daktari itafutwe sasa, na ziwe mbili. Kliniki nyingi hufungwa tarehe 25 na 26, kwa hiyo uliza mapema ni nani atakuwa zamu. Palipo na bwana mifugo wa kata tu, namba yake iwe kwenye simu ya kila mtu mzima wa nyumba.

Sumu nyingine hurushwa juu ya ukuta. Wezi wanaoinyemelea nyumba hutupa nyama iliyotiwa dawa ya wadudu, na mbwa hukutwa asubuhi anatoa mate mengi, anatetemeka au ana degedege. Kinga yake ni mazoea: mbwa ale mahali pamoja, kutoka kwa watu wawili au watatu anaowajua, na ashibe kabla ya usiku. Kabla ya mbwa kufunguliwa, na tena kunapopambazuka, mtu azunguke ndani ya ukuta na tochi. Mbwa mwenye dalili hizo akifikishwa kwa daktari haraka anaweza kupona, kwa sababu dawa ya aina hiyo ya sumu ipo.

Wageni na watoto wao

Mbwa mpole wa familia anaweza kumng'ata mtoto wa mgeni, na haimaanishi amebadilika. Amevutwa mkia na mtoto asiyemjua, au amesumbuliwa akila, au ameamshwa ghafla. Shirika la Afya Duniani linasema kiasi cha 40 kati ya kila watu 100 wanaong'atwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15.

- Mtengee chumba au kona yenye kivuli, maji na tandiko lake, na awekwe humo kabla wageni hawajafika. Akisukumwa humo watu wakiwa wamejaa, ataona kama anaadhibiwa.
- Waambie watoto mambo matatu tu: wasimguse akila, wasimguse akilala, wasimkimbie.
- Mtoto mdogo na mbwa wasiachwe peke yao, hata dakika ya kwenda kufungua geti.
- Mtu mmoja apewe kazi ya geti. Mbwa wengi hutoka wakati magari ya wageni yanaingia.

Kama miongoni mwa wageni kuna Waislamu, kumweka mbwa mbali na mahali pa kula na pa kusali ni adabu ya kawaida ya mwenyeji. Mgeni asilazimike kuomba.

Na wale wanaopanga kumpa mtoto zawadi ya kitoto cha mbwa: kisiwe na umri chini ya wiki 8, na kiwe kimeshaanza chanjo. Bora zaidi kichukuliwe Januari, nyumba ikishatulia. Virusi vya parvo hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi, na kitoto kinachobebwa huku na huku kuonyeshwa kwa wageni kinaweza kuvipata kwenye uwanja wowote.

Safari ya kwenda nyumbani

Kila Desemba, barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa familia za Wachagga wanaorudi kula sikukuu Machame, Marangu na Rombo. Ni zaidi ya kilomita 500, na wengine huondoka na mbwa wao. Jambo la kwanza ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Mbwa anayechanjwa kwa mara ya kwanza huhitaji wiki tatu hadi nne kabla kinga haijakomaa, kwa hiyo sindano ya tarehe 20 Desemba haimsaidii kwenye safari ya tarehe 22. Huko aendako atakutana na mbwa wasiochanjwa, na kichaa kikishaonyesha dalili hakina tiba, kwa mbwa wala kwa binadamu. Ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa.

Beba kadi ya chanjo. Uliza ofisi ya mifugo ya wilaya kama unahitaji kibali cha kumhamisha, na uulize wiki moja kabla.

Ndani ya gari:

- Mpe chakula kidogo saa tatu au nne kabla ya kuondoka ili asitapike njiani.
- Akae kwenye kiti cha nyuma akiwa na mkanda, au ndani ya kreti. Buti lililofungwa halina hewa, na nyuma ya pikapu kuna bati la moto, na akiruka na kamba shingoni ananyongwa.
- Simameni kila baada ya saa mbili, anywe maji. Kamba ifungwe kabla mlango haujafunguliwa.
- Asiachwe ndani ya gari wakati watu wanakula Segera au Korogwe. Nje kukiwa na nyuzi 30, ndani hufika 40 kwa dakika kama 10, hata dirisha likiachwa wazi kidogo.

Mbwa anayehema kwa kasi, mate yakimtoka mazito na miguu ikiyumba, joto limemzidi. Mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, mpepee, kisha mkimbize kwa daktari. Mbwa wa pua fupi hushindwa mapema kuliko wengine.

Mvua za vuli huacha majani marefu na kupe wengi. Mkague masikioni na katikati ya vidole kila jioni. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isikorogwe kwa kukisia, maana ikiwa kali inampa sumu, hasa akijilamba. Daktari atatoa dawa yake kwa uzito wake.

Mtu aking'atwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo, na hata kama mwenye mbwa anaapa kuwa amechanjwa.

Anayebaki nyumbani

Kwa mbwa wengi, kubaki ni nafuu kuliko kusafiri. Tatizo ni nani anabaki naye. Dada wa kazi ana likizo, mlinzi naye ana kwao, na anayeletwa dakika za mwisho hajui hata jina la mbwa.

Mtu huyo aje siku nne au tano kabla, amlishe mbele ya wenyeji, amtembeze. Aachiwe chakula cha siku zote pamoja na akiba ya siku mbili. Hela ya chakula cha mbwa isichanganywe na hela ya matumizi ya mlinzi. Ikichanganywa, mbwa ndiye atakayepunguziwa. Karatasi moja ibandikwe ukutani: saa za kula, kiasi, dawa, namba za madaktari, na jina la jirani mwenye ufunguo. Apige picha ya mbwa kila jioni na kuituma. Si kwamba haaminiki. Picha huonyesha kukonda au kidonda mapema.

Nairobi na Dar vipo vituo vinavyolea mbwa wakati wenye mbwa wamesafiri. Nafasi za Desemba hujaa, kwa hiyo mwenye kuhitaji aende Novemba akaone kwa macho yake. Kituo kisichoulizia kadi ya chanjo ni cha kukwepwa, kwa sababu wote walioko humo hawakuulizwa.

Kwa walio kwenye baridi

Wasomaji wa Minneapolis, Toronto na Stockholm wana Desemba nyingine. Huko chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu huchoma nyayo, na mbwa akizilamba huumwa tumbo. Miguu ioshwe kwa maji ya vuguvugu kila mnaporudi. Kimiminika kinachotiwa kwenye rejeta ya gari kisigande kina ladha tamu, na kiasi kidogo kilichovuja gereji kinaweza kuua figo. Aliyekilamba apelekwe saa hiyo hiyo. Mbwa wa manyoya mafupi huhitaji koti. Barafu ya ziwa isikanyagwe naye akiwa huru, maana wapo watu wanaozama wakimfuata mbwa.

Onyo kubwa zaidi ni la wanaotaka kuja naye Afrika Mashariki kwa sikukuu. Kenya na Tanzania zimo kwenye orodha ya Marekani ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa. Tangu tarehe 1 Agosti 2024, mbwa anayeingia Marekani lazima awe na miezi 6 au zaidi na awe na mikrochipu. Anayerudi kutoka nchi hizo akiwa alichanjwa Marekani huhitaji fomu iliyoidhinishwa na idara ya kilimo ya huko kabla hajaondoka. Anayekumbuka akiwa ameshafika Nairobi amechelewa. Kwa Ulaya, kipimo cha damu cha kinga ya kichaa kifanyike na kuandikwa kwenye pasipoti ya mbwa kabla ya safari. Bila hicho, kurudi kunaweza kuchukua miezi mitatu ya kusubiri. Kwa safari ya wiki mbili, ni heri abaki.

Usiku wa fataki

Mbwa husikia sauti nyembamba ambazo sikio la binadamu halizipati kabisa. Mlipuko wa saa 6 usiku, usio na onyo, kwake ni hatari halisi, na atafanya lolote kuikimbia.

1. Tarehe 31 mtembeze mchana kabla jua halijachwa, mpaka achoke.
2. Mlishe mapema na umpeleke kujisaidia kabla ya saa 2 usiku.
3. Mweke chumba cha ndani, dirisha limefungwa na pazia limeshushwa. Washa redio au feni.
4. Mwachie maji, na kitu cha kutafuna alichokizoea.
5. Hakikisha kola ina namba ya simu inayosomeka.

Asifungwe mnyororo nje. Mbwa aliyefungwa huruka ukuta na kuning'inia, au hujikata akivuta. Mwenye mbwa wa ulinzi asiye na chumba cha kumweka atumie stoo, gereji tupu au banda lililofunikwa kwa turubai nzito. Kwa saa chache hizo ulinzi wa nyumba ufanywe na watu.

Mbwa akija kujibanza miguuni, apokewe. Imani kwamba kumbembeleza kunamfundisha woga si kweli. Woga si tabia anayoiigiza ili alipwe. Anayetaka kujificha chini ya kitanda aachwe.

Kuhusu ile dawa ya usingizi, jibu ni kumwona daktari wiki mbili kabla. Zipo dawa zinazopunguza woga wenyewe. Zipo pia za zamani ambazo humlegeza mwili huku akisikia na kuogopa kila kitu, na hizo ndizo huuzwa kiholela. Dozi hutegemea uzito na afya ya moyo, kwa hiyo dawa ya mbwa wa jirani haifai.

Akikimbia

- Anza kumtafuta usiku huo huo, kwa miguu, ukimwita kwa sauti ya kawaida. Kundi la watu wenye tochi wakipiga kelele humsukuma mbali zaidi.
- Acha geti wazi kidogo, mtu akilinda, na uweke nje shuka analolalia.
- Asubuhi tuma picha yake kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa, kisha ulizia kwa walinzi, bodaboda, machinga na wazoa taka. Hao huuona mtaa mzima.
- Wajulishe madaktari wa mifugo wa karibu. Aliye Nairobi apige pia simu KSPCA, shirika la kutunza wanyama.
- Ukimwona, usimkimbize. Chuchumaa, geuka ubavu, mtupie chakula.

Mbwa aliyekimbia kwa woga anaweza kujificha siku kadhaa kwenye mtaro, pagala au shamba la jirani, kimya, hata akiitwa jina. Kwa hiyo msikate tamaa tarehe 1 jioni. Rudini kumtafuta alfajiri, mtaa ukiwa umetulia, na mrudi tena kesho yake.